Bertha Benz: Mathe Aliyetoroka na Gari ya Mzee Alfajiri, Akarudi na Breki Mpya

Kama umewahi kuamka Jumamosi na ile nia ya kubadilisha breki za ndai yako mwenyewe hapo kwa ploti, unajua vile story huisha. Nati nne zinatoka poa, ya tano inagoma. Ukiishinda hiyo, gurudumu lenyewe linakataa kutoka, limeshikana na habu ni kama mtu alilichomelea usiku. Majirani wanaanza kukusanyika, kila mtu ni fundi. Mmoja anasema ugonge na mawe. Mwingine anasema umwage soda. Saa kumi jioni bado uko chini, mikono imejaa grisi, na hujagusa breki hata moja.

Basi ukiwa hapo chini, jua kuna mathe mmoja alipitia mambo kama hayo miaka zaidi ya 130 iliyopita. Hakuwa na spana ya maana. Hakuwa na Grogan ya kukimbilia spea. Hakukuwa na fundi wa gari popote duniani, kwa sababu magari yenyewe yalikuwa yanahesabika kwa vidole. Na bado alifika alikokuwa akienda, akarudi, na njiani akaweka kwa breki kitu ambacho bado unalipia kila ukienda garaji.

Jina lake ni Bertha Benz. Ndiyo, hiyo Benz unayoijua.

Msichana ambaye hakutarajiwa

Bertha alizaliwa tarehe 3 Mei 1849 katika mji wa Pforzheim, kusini mwa Ujerumani. Jina la kwao lilikuwa Ringer. Buda yake, Karl Friedrich Ringer, alikuwa fundi wa mbao na mjenzi ambaye alikuwa ameomoka vizuri. Kwa hivyo Bertha hakukulia msoto.

Lakini kuna story inasimuliwa kuhusu kuzaliwa kwake. Inasemekana siku moja akiwa bado mdogo alifungua Biblia ya familia, pale ambapo kuzaliwa kwa watoto kulikuwa kunaandikwa, akakuta kando ya jina lake buda ameandika maneno ya kusikitika kwamba amepata msichana tena. Fikiria kusoma kitu kama hicho kuhusu wewe mwenyewe.

Enzi hizo masomo ya msichana yalikuwa na mwisho wake. Alifundishwa kuwa bibi mzuri wa mtu, kushona, kupika na kukaribisha wageni. Chuo kikuu hakingemchukua. Sayansi ilionekana ni ya wanaume. Bertha alikuwa na maswali mengi kuhusu vitu vinavyozunguka na vinavyosukumana, lakini hakuna shule iliyomfungulia mlango.

Alimpenda chali aliyesota

Mwaka 1869, akiwa na miaka 20, Bertha alienda matembezi na kikundi cha watu wa kwao. Huko ndiko alikutana na injinia mmoja kijana kwa jina Carl Benz. Jamaa hakuwa na doo. Alikuwa mtoto wa dereva wa treni aliyekufa mapema, na mathe yake alikuwa amejinyima sana ndio asome. Alichokuwa nacho ni ndoto moja tu: chombo cha kusafiri ambacho hakivutwi na farasi.

Wengine wangemwona kama mtu amechizi kidogo. Bertha aliskiza.

Mwaka 1871 Carl alifungua karakana huko Mannheim na mwenzake aliyeitwa August Ritter. Haikuchukua muda, ngori ikaanza. Ritter hakuwa wa kutegemewa, na biashara ikawa inaenda chini. Kulikuwa na njia moja tu: kununua sehemu ya Ritter na kumtoa. Carl angetoa wapi hiyo pesa?

Hapa ndipo Bertha anaingia. Huku kwetu chali ndiye hupeleka mbuzi kwa kina manzi. Huko kwao mambo yalikuwa kinyume: familia ya bibi ndiyo iliyompa binti mali ya kuanzia ndoa. Bertha alimwomba buda yake ampe sehemu yake mapema, kabla ya harusi, na akaiweka yote kwa ile karakana. Ritter akalipwa, akaenda.

Huo ulikuwa mchezo wa hatari. Kama Carl angefeli, au angebadilisha nia na kuoa mwingine, Bertha angebaki bila mume na bila mali. Na kuna kitu kingine. Akiwa hajaolewa, sheria ilimruhusu kuweka pesa yake anapotaka. Akishaolewa, mali ilikuwa chini ya mkono wa mume. Kwa hivyo alipofunga ndoa na Carl tarehe 20 Julai 1872, yeye ndiye aliyekuwa ameiokoa kampuni, lakini kwa karatasi hakuwa na sauti.

Msoto wa miaka mingi

Msidhani baada ya hapo walianza kuomoka. Miaka ya 1870 ilikuwa noma. Uchumi wa Ujerumani ulianguka, wateja wakapotea, madeni yakafika shingoni. Watoto nao walikuwa wanakuja: Eugen mwaka 1873, Richard 1874, Clara 1877, kisha Thilde 1882. Wa mwisho, Ellen, alikuja baadaye, 1890.

Carl alikuwa anahangaika na injini ndogo ya gesi ambayo ilikuwa inakataa kuwaka. Jioni ya mwisho ya mwaka 1879, watu wengine wakijiandaa kufungua mwaka, Bertha alimsukuma mzee warudi karakana wajaribu mara moja zaidi. Wakaenda wawili. Injini ikawaka, na haikuzima. Walisimama hapo wakiiskiza mpaka kengele za kanisa zikaanza kulia za mwaka mpya.

Ile injini ndiyo iliyowapa uhai. Mwaka 1883 Carl akapata washirika wenye pesa na kampuni ya Benz & Cie ikaanzishwa. Ikiuza injini za kukaa mahali pamoja, Carl akapata nafasi ya kurudi kwa ndoto yake. Tarehe 29 Januari 1886 akapeleka maombi ya hataza ya gari la injini. Namba yake ni 37435, na wengi wanaihesabu kama cheti cha kuzaliwa cha gari.

Jina la Bertha halikuwa kwa hicho cheti. Pesa yake ilikuwa ndani. Usiku wake ulikuwa ndani. Jina, hapana.

Gari ipo, lakini nani atanunua?

Hiyo gari ya kwanza ilikuwa kama baiskeli kubwa ya viti viwili. Magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma. Hakukuwa na usukani wa duara, kulikuwa na mkono mdogo wa kuzungusha. Injini ilikuwa nyuma, ya silinda moja, yenye nguvu isiyofika hata farasi mmoja. Kasi yake ilikuwa karibu kilomita 16 kwa saa. Mtu wa boda angeipita akiwa anaongea na simu.

Watu wa Mannheim waliiona barabarani tangu 1886. Wengine walicheka. Wengine waliogopa. Farasi walishtuka. Wateja? Wapi! Carl alikuwa injinia mkali, lakini kuuza hakukuwa mboka yake. Alikuwa mtu wa kutaka kila kitu kikamilike kabla hajakitoa nje. Alikuwa anaendesha gari karibu na nyumbani tu, anarudi, anarekebisha, anatoka tena.

Miaka miwili ikapita hivyo. Bertha aliona kinachokuja. Akili ya mzee haikuwa na shida, na gari ilikuwa inatembea. Kilichokosekana ni mtu wa kuonyesha dunia kwamba hii kitu inaweza kutoka mji mmoja ikafika mwingine, na mtu wa kawaida akiwa ndani.

Agosti 1888: Mathe anatoka na ndai

Alfajiri moja mwanzoni mwa Agosti 1888, Carl akiwa bado amelala, Bertha aliwaamsha vijana wake wakubwa, Eugen wa miaka 15 na Richard aliyekuwa anakaribia 14. Waliitoa gari pole pole. Story inasema waliisukuma kwanza mbali na nyumba, ndio mlio wa injini usimwamshe mzee. Kisha wakazungusha lile gurudumu kubwa la nyuma kwa mkono, injini ikashika, wakaenda.

Hakumwomba mume. Hakuomba ruhusa ya serikali. Alikuwa anaenda Pforzheim kumwona mathe yake, safari ya kilomita kama 104. Weka hivi: ni kama utoke Nairobi upite Naivasha kidogo, lakini kwa chombo ambacho hakijawahi kutoka mtaani.

Barabara zilikuwa za mikokoteni. Mikokoteni huchimba mitaro miwili, upande huu na ule. Gari ya magurudumu matatu ikipita hapo, lile la mbele linabaki katikati, kwa mawe na nyasi. Kila jiwe Bertha alikuwa analiskia mkononi.

Shida ya kwanza ilikuwa mafuta. Gari ilibeba kama lita 4 na nusu tu, na hakukuwa na petroli stesheni hata moja duniani. Walitumia ligroini, maji fulani ya kutoa madoa kwa nguo ambayo yalikuwa yanauzwa kwa maduka ya dawa. Walipofika Wiesloch, Bertha aliingia kwa duka la dawa la mjini akanunua alichoweza. Hilo duka sasa linasifiwa kama petroli stesheni ya kwanza duniani.

Shida ya pili ilikuwa maji. Injini ilipoa kwa maji kuchemka na kupotea kama mvuke, kwa hivyo kila walipoona kisima au mto walisimama kujaza.

Kisha gari ikaanza kukohoa. Paipu ya mafuta ilikuwa imeziba. Bertha akachomoa pini ndefu ya kofia yake, akaidunga ndani, akazibua. Mbele kidogo, waya wa umeme ukawa umechunika na kugusa chuma. Akatoa mpira wa kushikilia soksi yake, akauzungushia huo waya, moto ukarudi. Mnyororo nao ulipoleta shida, mhunzi wa Bruchsal akausaidia.

Milima ndiyo ilikuwa noma zaidi. Gari ilikuwa na gia mbili tu, na kwa mlima mkali haikuwa na nguvu. Vijana walishuka wakasukuma, mathe akishika usukani. Mtu yeyote aliyewahi kusukuma matatu kwa matope anajua hiyo kazi.

Kushuka ndiko kulikuwa na hatari

Lakini kupanda ukishindwa unasimama tu. Kushuka ukishindwa, ni story nyingine.

Breki ya hiyo gari ilikuwa vipande vya mbao vinavyobanwa kwa mkono. Mbao inasugua, gari inapunguza mwendo. Kwa tambarare ya Mannheim, ilitosha. Kwa miteremko ya upande wa Pforzheim, haikutosha. Breki yoyote, ya jana au ya leo, kazi yake ni moja: kuchukua mwendo na kuugeuza kuwa joto. Ndio maana lori zikishuka Mai Mahiu unaskia harufu ya kuungua. Mbao ikipata joto inaungua, inakuwa laini kama kioo, inateleza, na inalika haraka.

Hapo Bertha yuko na watoto wake wawili kwa gari isiyo na mkanda, isiyo na paa, isiyo na handibreki ya kuokoa, na kile kipande cha mbao kinaisha mbele ya macho yake. Kama gari ingeanguka mtaroni siku hiyo na mtoto akaumia, nani angenunua gari ya Benz tena? Wale waliokuwa wanasema hicho chombo ni cha shetani wangepata ushahidi. Na kwa karakana, kila kitu alichokuwa ameweka tangu 1871 kingeenda.

Walifika Pforzheim jioni, wamechoka na wamejaa vumbi, na Bertha akatuma telegramu kwa Carl kumwambia wako salama. Baada ya siku chache wakaanza kurudi kwa njia nyingine.

Wakiwa kijiji cha Bauschlott, Bertha alitafuta mtu ambaye hakuna aliyefikiria ana uhusiano na gari: fundi wa viatu. Akamwomba apigilie ngozi juu ya vile vipande vya breki. Ngozi inashika kuliko mbao, haitelezi haraka, na ikiisha unabandika nyingine bila kubadilisha breki yote. Ni wazo dogo sana. Lakini ndilo wazo lile lile lililo kwa gari yako leo: sehemu ngumu ya kubeba, na juu yake ganda la kulika ambalo unabadilisha. Sisi tunaita lainingi. Watu wengi wa magari wanaihesabu hiyo ngozi ya Bauschlott kama lainingi ya kwanza ya gari.

Kutoka ngozi hadi Jumamosi yako

Baadaye wengine waliendeleza. Huko Uingereza, Herbert Frood alikuwa ameona watu wakiweka viatu vikuukuu kwa breki za mikokoteni ya farasi ili ishike kwa milima, na mwaka 1897 akaanza kutengeneza lainingi za biashara. Hiyo ndiyo Ferodo. Mwaka 1902 Louis Renault akaleta breki ya dramu, na mwaka huo huo Frederick Lanchester akapata hataza ya breki ya diski.

Na kwa sababu lainingi ni kitu cha kulika, lazima ifikiwe. Ndio maana wewe Jumamosi uko chini na wilspana. Bertha hakuwa na shida ya dramu iliyoshikana, breki zake zilikuwa nje. Ya kwako iko ndani ya chuma, na chuma na mvua ya Nairobi ni marafiki wa kutu. Wacha tukuonyeshe vile angefanya mtu mwenye akili ya pini ya kofia.

Kwanza, legeza nati gari ikiwa bado chini. Ukiinua kwanza, gurudumu litazunguka na wewe utavuta gari kutoka kwa jeki. Weka jiwe kwa magurudumu yanayobaki. Ukishainua, weka stendi ya chuma. Jeki ni ya kuinua tu, si ya kukaa chini yake.

Nati ikikataa, usikimbilie nguvu. Isugue kutu na brashi ya waya, mwagia oili ya kupenya kutu, gonga kichwa chake kidogo ili oili iingie, kisha ngoja. Si dakika mbili. Kama unaweza, fanya hiyo kazi usiku uliotangulia. Tumia soketi ya pembe sita inayoingia sawasawa, kwa sababu ile iliyolika itakula pembe za nati na hapo umejimaliza. Ongeza urefu wa mkono wa spana, usiirukie. Na kuna siri ya mafundi: ikaze kidogo sana kwanza, ndio kutu ipasuke, kisha ndio uifungue. Ikisogea kidogo halafu ikaze tena, irudishe, weka oili, endelea mbele na nyuma. Ukilazimisha, bolti inakatikia ndani, na sasa ya mia mbili imekuwa ya elfu tano.

Moto unasaidia, kwa sababu chuma kikipata joto kinatanuka na kutu inaachana. Lakini moto karibu na paipu ya mpira ya breki, mafuta ya breki au tanki ni kutafuta mazishi. Hiyo muachie fundi aliye na vifaa.

Nati zikitoka na gurudumu likabaki limeng'ang'ana kwa habu, rudisha nati zote lakini uziache zimelegea kama mzunguko mmoja. Gonga tairi kutoka ndani na nyundo ya mpira au kipande cha mbao, ukigeuza gurudumu kidogo kila mara. Ikikataa, shusha gari chini na uitikise upande kwa upande, uzito wake wenyewe utaliachisha. Zile nati zilizolegea ndizo zitazuia gurudumu kukurukia.

Dramu ikikataa, cheki kama handibreki umeifungua. Usicheke, wengi husahau. Dramu ya zamani pia hulika kwa ndani na kuacha ukingo unaoshika zile shuu za breki, kwa hivyo rudisha nyuma kile kikaza breki kupitia tundu lake kabla ya kuvuta. Dramu nyingi za magari madogo zina matundu mawili yenye nyuzi. Hayo si urembo. Ingiza bolti mbili zinazotosha, kaza hii kidogo na ile kidogo, na dramu itasukumwa nje yenyewe bila kelele.

Ukirudisha, safisha kutu kwa habu ndio usiteseke mwaka ujao. Usiache oili wala grisi iguse lainingi, breki haitashika. Vumbi la ndani usilipulize na mdomo, lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa na asbesto na hiyo inaharibu mapafu. Loanisha, pangusa. Kaza nati kwa kuvuka, hii na ile ya upande wa pili. Kanyaga pedali ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu kabla hujasogeza gari hata mita moja. Na kama huna uhakika na kitu chochote kwa breki, ita fundi. Breki haina majaribio.

Mzee alisema nini aliporudi?

Turudi kwa Bertha. Alifika Mannheim na orodha. Si ya kulalamika, ni ya kazi. Mlima unashinda gari, inahitaji gia nyingine. Breki inahitaji ganda la kulika. Carl angeweza kukasirika kwamba mali ya kampuni imetoka bila ruhusa. Badala yake alichukua maneno yake na kurudi karakana, na gari ikapata gia ya tatu ya kupandia milima.

Habari za mama na vijana wawili waliopita vijijini kwa gari isiyo na farasi zilienea. Septemba ya mwaka huo huo Carl akapeleka gari kwa maonyesho makubwa ya Munich, akarudi na medali ya dhahabu. Biashara haikulipuka siku moja, lakini mlango ulikuwa umefunguka. Mwaka 1894 wakaanza kutengeneza gari ndogo iliyoitwa Velo, na mwaka 1899 kampuni ikatoa magari 572. Hakuna kampuni nyingine duniani iliyokuwa inatoa mengi hivyo wakati huo.

Miaka ya mwisho

Maisha hayakukaa juu tu. Mwaka 1903 Carl alikosana na wakubwa wenzake, akajiondoa kwa kazi ya kila siku ya kampuni aliyoianzisha. Familia ikahamia Ladenburg, karibu na Mannheim, na mwaka 1906 akaanza kampuni nyingine na kijana wake Eugen, mmoja wa wale waliosukuma gari mlimani. Mwaka 1926 kampuni ya zamani ikaungana na ile ya Daimler, na jina Mercedes-Benz likazaliwa.

Kabla ya hapo Carl alikuwa ameandika kitabu cha maisha yake. Humo alikiri kwamba siku ambazo chombo chake kilikuwa kinakaribia kuzama, ni mtu mmoja tu aliyebaki ndani naye, na mtu huyo alikuwa mkewe. Carl alifariki tarehe 4 Aprili 1929.

Bertha akaishi miaka mingine 15. Aliona magari yakijaa barabarani, na aliona pia vita viwili vya dunia vikiyatumia. Tarehe 3 Mei 1944, siku alipotimiza miaka 95, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Karlsruhe kilimpa heshima ya kuwa seneta wake. Hicho ndicho chuo alichosomea Carl. Mlango uliokuwa umefungwa kwa wasichana wa enzi zake ulifunguliwa akiwa bibi kizee, vita vikiwa vinaendelea.

Siku mbili baadaye, tarehe 5 Mei 1944, alifariki nyumbani Ladenburg.

Tangu 2008 ile njia yake ya Mannheim hadi Pforzheim na kurudi imewekwa alama rasmi, na mtu yeyote anaweza kuifuata. Mwaka 2016 jina lake likaingia kwa ukumbi wa mashujaa wa magari huko Marekani, miaka zaidi ya 30 baada ya mzee wake kuingizwa.

Kwa hivyo Jumamosi ijayo nati ikikataa na majirani wakianza kukucheka, weka nyundo chini kwanza. Mwagia oili, kaa kwa jiwe, ngoja. Halafu ukishatoa hiyo dramu na uone kile kipande cheusi kilichobandikwa juu ya chuma, utajua kilianzia kwa fundi wa viatu, kijijini, kwa sababu mathe mmoja alikuwa na watoto kwa gari na mteremko mbele yake.